Baraza la Muda Lililodumu

Katika mji wa Jinja, pale ambapo Ziwa Viktoria hufungua mlango wake wa pekee na kuutoa Mto Nile kwa safari ndefu ya kwenda Bahari ya Kati, umesimikwa majini ubao uliopigwa mistari na kuandikwa tarakimu, na kazi yake si nyingine ila kuwaarifu wausomao kwamba ziwa limepanda au limeshuka kwa kadiri gani. Niliuona asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nimefuatana na mzee aliyekwisha kustaafu kazi ya vipimo. Ukoga wa kijani ulikuwa umeshika sehemu ya chini, na viwimbi vilikuwa vikizipanda tarakimu na kuziteremka, hata ikambidi mzee yule angoje kitambo, akipima kwa jicho kilele cha wimbi na bonde lake, kabla ya kutamka hesabu. Nilimwuliza kwa nini hakuitaja ile aliyoiona kwanza. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hesabu hii haisomwi na mimi peke yangu. Nikiikosea hapa, yuko mtu Khartoum na mwingine Kairo watakaojenga hesabu zao juu ya kosa langu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, na kila ifikapo tarehe 22 Februari, ambayo nchi za bonde huiadhimisha kuwa Siku ya Mto Nile, huyakumbuka kabla sijakumbuka hotuba yoyote ya waziri. Kwani tarehe hiyo, mwaka 1999, mawaziri wa maji wa Burundi, Ethiopia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Misri, Rwanda, Sudan, Tanzania na Uganda walikutana Dar es Salaam wakaafikiana kuunda chombo kimoja cha mashauri, kilichopewa jina la Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile na kujulikana zaidi kwa herufi tatu za NBI, huku Eritrea ikihudhuria kwa hadhi ya mtazamaji. Walikiita chombo cha mpito. Muradi wao ulikuwa kwamba kiwashike mkono kwa muda, mpaka mkataba wa kudumu utakapoandikwa, ndipo kiipishe taasisi yenye nguvu za sharia. Wala sidhani kama alikuwako hata mmoja miongoni mwao aliyekadiria kwamba muda huo ungefika robo karne na kuipita. Historia ninayoieleza ni ya kitu kilichojengwa kama dungu la shambani kikaishi kuliko nyumba nyingi za mawe, na rai yangu ni kwamba kazi yake iliyo bora ilifanyika ndani ya kungoja huko.

Haja yenyewe ni kongwe kuliko dola zetu. Tarehe 7 Mei 1929 serikali za Misri na Uingereza zilibadilishana barua ambazo kwazo Misri ilitambuliwa kuwa na haki ya mita za ujazo bilioni 48 za maji kila mwaka na Sudan bilioni 4, na ikakatazwa kujengwa, bila ya ridhaa ya Misri, kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme juu ya mto, matawi yake au maziwa yake katika nchi zilizokuwa chini ya himaya ya Waingereza, endapo kazi hiyo ingeweza kuyapunguza maji yafikayo Misri, au kuyachelewesha, au kukishusha kina chake. Tanganyika, Kenya na Uganda zilifungwa na sharti hilo, na wenyeji waliokuwa wakichota maji ya ziwa kwa mitungi hawakuulizwa neno. Miaka 30 baadaye, tarehe 8 Novemba 1959, Misri na Sudan, ambazo wakati huo zilikuwa dola huru, ziliugawana mto wote baina yao: kati ya wastani wa mita za ujazo bilioni 84 zifikazo Aswan kwa mwaka, bilioni 55.5 zikawa za Misri, bilioni 18.5 za Sudan, na bilioni 10 zilizosalia zikahesabiwa kuwa fungu la jua, yaani maji yatakayopaa hewani kutoka katika ziwa la bwawa lililokusudiwa kujengwa. Ethiopia, ambayo milima yake ndiyo itoayo zaidi ya asilimia 85 ya maji hayo, haikutengewa hata tone.

Insafu hainiruhusu kuyaandika haya pasi na kuyataja ya upande wa pili. Misri haina mto mwingine. Mvua inyeshayo Kairo kwa mwaka mzima yaweza kupitwa na ile inyeshayo Bukoba kwa siku moja njema ya masika, na karibu maji yote wanayoyanywa na kuyalimia watu wake zaidi ya milioni 100 huzaliwa nje ya mipaka yao. Mtu ambaye kisima chake cha pekee kimo ndani ya ua wa jirani hulala usingizi mwepesi, na hatuwezi kumlaumu kwa kuamka usiku kusikiliza kama ndoo inalia. Msomaji asiyeitia akilini khofu hiyo hataelewa kwa nini wajumbe wa Misri walisimama pale waliposimama katika mashauri ya miaka iliyofuata; vivyo hivyo asiyeitia akilini dhuluma ya kutoulizwa hataelewa kwa nini watu wa juu ya mto walikataa kuziita barua za 1929 sharia.

Aliyelitamka kataa hilo kwa staha na kwa uthabiti uliokwisha kuwa somo katika vyuo vya sharia ulimwenguni ni Julius Nyerere. Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, alieleza kwamba mikataba iliyowekwa na mtawala kwa niaba ya nchi ingeendelea kutumika kwa miaka miwili, ili ipatikane nafasi ya kuichungua mmoja mmoja, na kwamba ule usiotengenezwa upya ndani ya muda huo ungekoma, isipokuwa kama ni wa namna inayodumu kwa kanuni za sharia ya mataifa. Kisha tarehe 4 Julai 1962 serikali yake ikaziandikia serikali za Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika, lakini kwamba iko tayari kukaa na wenziwe kutafuta mgawanyo wa haki. Misri ilijibu mwaka 1963 kwamba makubaliano yale yangali hai mpaka yapatikane mengine. Kwa hiyo tangu siku hiyo pande zote mbili zilikiri neno moja, ijapokuwa kila upande ulilikiri kwa sababu yake: kwamba lazima yapatikane mengine.

Ajabu ni kwamba kilichowakutanisha kwanza si sharia bali mvua. Mwishoni mwa mwaka 1961 mbingu za Afrika ya Mashariki zilifunguka, na kati ya mwezi wa Oktoba mwaka huo na Mei 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa kadiri ya mita mbili na nusu, likazimeza gati, mashamba na nyumba za ufukweni. Maji yaliyomwagika kupitia Jinja yaliteremka hata kinamasi cha Sudd, kule kusini ya Sudan, kikatanuka zaidi ya maradufu. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya kutosha kueleza kwa hakika maji yale yalitoka wapi kwa kiasi gani. Ndipo mwaka 1967 ukaanzishwa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uchunguzi wa mvua na mito ya maziwa ya Viktoria, Kyoga na Albert, uliojulikana kwa jina fupi la Haidrometi, makao yake yakiwa Entebbe. Misri, Sudan, Kenya, Uganda na Tanzania ziliketi humo tangu mwanzo. Rwanda na Burundi zikafuata. Uchunguzi huo uliendelea kwa miaka 25, na ingawa haukugawa hata kikombe kimoja cha maji, ulieneza vituo vya mvua na mbao za vipimo katika nchi ambazo kabla yake hazikuwa nazo, na uliwazoesha mafundi wa Kairo na wa Mwanza kuinamia karatasi moja. Mzee wangu wa Jinja alikuwa mtoto wa uchunguzi huo.

Zilifuata taasisi nyingine ambazo nitazipitia kwa wepesi, kwa kuwa aghalabu zilikuwa na majina marefu na maisha mafupi. Tarehe 24 Agosti 1977, kwenye maporomoko ya Rusumo, marais wa Burundi, Rwanda na Tanzania walitia saini mkataba wa Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Lilikuwa na mipango ya umeme, reli na kilimo, likafa mwaka 2004 bila ya kuusimamisha wowote kati ya hiyo iliyokuwa mikubwa. Mwaka 1983, kwa bidii ya Boutros Boutros-Ghali, aliyekuwa akiyashughulikia mambo ya nje ya Misri, likaundwa kundi lililokutana kwanza Khartoum na kuitwa Undugu. Sisi wenye lugha hii hatuna budi kulipokea kwa taadhima jambo hilo, kwamba wanadiplomasia wa Kairo, wenye Kiarabu kipana kuliko bahari, walipotafuta jina la kuwapatanisha na nchi za juu walilitwaa katika Kiswahili. Lakini Ethiopia na Kenya hazikujiunga kikamilifu, na undugu usio na ndugu wote ulibaki kuwa mazungumzo. Mwaka 1992 ikaundwa kamati ya ushirikiano wa kitaalamu, nayo ikaketi Entebbe, na kutoka kwake ukatoka mwaka 1995 mpango wa utekelezaji uliopitishwa Arusha. Humo ndimo ilimoandikwa azma ya kutafuta mkataba mmoja wa nchi zote.

Basi kilikuwa na nini chombo cha 1999 ambacho vingine havikuwa nacho? Jibu langu ni kwamba kilikuwa na usawa uliowekwa katika taratibu ndogo ndogo. Juu kabisa lilikaa Baraza la Mawaziri wa Maji, ambalo uenyekiti wake ulizunguka kila mwaka. Chini yake Kamati ya Ushauri wa Kitaalamu, yenye wajumbe wawili kutoka kila nchi, iwe Misri yenye wahandisi wa maji maelfu au Burundi yenye wachache. Na chini yao Sekretarieti, iliyofunguliwa Entebbe mwaka huo huo wa 1999. Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza alikuwa Mtanzania, Meraji Msuya, akafuata Patrick Kahangire wa Uganda, kisha Audace Ndayizeye wa Burundi, kisha Henriette Ndombe wa Kongo, na kadhalika, nchi baada ya nchi kwa mfuatano wa alfabeti ya Kiingereza, wala si kwa wingi wa watu, wala kwa ukubwa wa mchango. Kwa macho ya haraka hilo ni jambo la makarani. Lakini dola iliyozoea kutoulizwa ikijua kwamba zamu yake itafika bila ya kuomba, hukaa kitini kwa mkao mwingine.

Kadhalika kazi zilitawanywa. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Geneva mwezi wa Juni 2001 uliifungulia njia fedha, na mwaka 2003 ukawekwa mfuko wa amana chini ya Benki ya Dunia. Ndipo ikaanzishwa miradi minane ya dira ya pamoja, ambayo ofisi zake zilipandwa katika miji mbalimbali kama miche: mazingira Khartoum, biashara ya umeme Dar es Salaam, mafunzo Kairo, mipango ya rasilimali za maji Addis Ababa, maji ya kilimo Nairobi, na mengine Entebbe. Ziliundwa pia ofisi mbili za utekelezaji, moja Addis Ababa kwa nchi za Nile ya mashariki, na ya pili Kigali kwa nchi za maziwa ya Ikweta. Kijana mhandisi wa Tanzania alikwenda Kairo kusoma, akala chakula meza moja na Mwethiopia, wakabishana usiku kucha juu ya maji ya mwezi wa Agosti, na asubuhi wakarudi darasani kupiga hesabu ile ile kwa kanuni ile ile. Watu wa namna hiyo, baada ya miaka kumi, ndio waliokuja kuwa wakurugenzi wa idara za maji katika nchi zao, na walipopigiana simu hawakuhitaji mkalimani wa nyoyo.

Naomba msomaji asidhani kwamba wakati huo sharia ya zamani ilikuwa imelala. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kujenga bomba la kuyatoa maji ya Ziwa Viktoria mahali paitwapo Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, kuyapandisha juu ya kilima na kuyapeleka Shinyanga na Kahama, nchi ya ng'ombe na pamba ambako mwezi wa Septemba mwanamke huamka usiku wa manane kuwahi kisima cha mchanga kabla hakijakaushwa na wenziwe. Misri ilinung'unika, na barua za 1929 zikatajwa tena magazetini kana kwamba wino wake haujakauka. Serikali ya Tanzania ilishika lile lililosemwa mwaka 1962, ikaendelea kuchimba kwa fedha zake yenyewe, na tarehe 30 Mei 2009 Rais Jakaya Kikwete akaufungua mradi. Maji yale baadaye yalifika hata Nzega, Igunga na Tabora. Niliwahi kupita Shinyanga na kumwona bibi mmoja akisimama mbele ya bomba la mtaa, ndoo imekwisha kujaa, naye hauondoi mkono wake kwenye mtiririko. Hakuwa anachezea maji, alikuwa anahakikisha. Maji yanayonywewa na mji ni kidogo mno mbele ya hesabu ya mto, na mafundi wa nchi zote, walioketi pamoja na kuzipiga hesabu hizo, walilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu ugomvi ule haukupita magazeti.

Ugumu wa kweli ulikuwa katika chumba cha pili, ambamo wanasharia waliuandika Mkataba wa Ushirikiano. Walianza mwaka 1997, na baada ya miaka kumi walikuwa wamekwisha kuafikiana vifungu vyote isipokuwa kijifungu kimoja, herufi (b) ya kifungu cha 14. Jambo lililobishaniwa lilikuwa hili. Ili wasizitaje hati za 1929 na 1959, ambazo wengine waliziona haki na wengine waliziona kongwa la shingoni, walitunga istilahi mpya, usalama wa maji, wakaandika kwamba nchi za bonde hazitaudhuru kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine yoyote. Misri na Sudan zilitaka yaongezwe maneno machache: usalama wa maji pamoja na matumizi na haki za sasa. Katika maneno hayo machache, nchi za juu ziliona kwamba mikataba ya zamani iliyotolewa kwa mlango wa mbele inarudishwa kwa dirisha. Ukumbi wa Entebbe ulilijaribu mwaka 2007, ukashindwa. Kinshasa, tarehe 22 Mei 2009, wengi waliamua kwamba kijifungu hicho kitolewe ndani ya mkataba na kuwekwa katika nyongeza, ili Kamisheni itakayoundwa ikitafutie suluhu ndani ya miezi sita tangu kuundwa kwake. Iskandaria mwaka huo huo waliomba muda. Sharm el-Sheikh, mwezi wa Aprili 2010, muda ulikwisha.

Tarehe 14 Mei 2010, huko Entebbe, nchi za Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini. Kenya ilifuata siku tano baadaye, na Burundi tarehe 28 Februari 2011. Misri na Sudan zikasimamisha ushiriki wao katika Ushirikiano. Nimewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba siku hiyo taasisi ilikufa, na kwa muda nami nilidhani hivyo. Lakini lipo jambo moja la mwaka huo ambalo hutajwa kwa nadra, nami naliona kuwa la heshima kuliko mengi yaliyopigiwa ngoma: alfabeti ilikuwa imefika zamu ya Misri, na mwaka huo huo Wael Khairy, Mmisri, aliingia katika ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji huko Entebbe na kuiongoza Sekretarieti ilhali serikali yake imejitenga na baraza alilolitumikia. Uongozi wake ulipokwisha akapokewa na Teferra Beyene wa Ethiopia. Funguo za ofisi zilipita kutoka mkono wa Mmisri hadi mkono wa Mwethiopia katika miaka ambayo ujenzi wa Bwawa Kuu la Ethiopia, ulioanza mwezi wa Aprili 2011, ulikuwa umewasha moto katika magazeti ya miji yote miwili. Sudan nayo ilirudi barazani mwishoni mwa mwaka 2012, na Sudan Kusini, iliyozaliwa mwaka uliotangulia, ilikaribishwa mwaka huo huo ikawa mwanachama wa kumi.

Sitaki kuipamba taasisi hii kwa sifa zisizo zake. Bwawa la Ethiopia, ambalo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea juu ya mto huu tangu lile la Aswan, lilijadiliwa nje ya kuta zake: azimio la misingi lilitiwa saini Khartoum tarehe 23 Machi 2015 na nchi tatu peke yake, na mazungumzo yaliyofuata yakaenda Washington na kwenye Umoja wa Afrika, wala si Entebbe. Chombo cha mpito hakikuwa na mamlaka ya kuita, sembuse ya kuamua. Kwa miaka mingi pia kiliishi kwa fedha za wafadhili, na fedha zao zilipokwisha, ofisi nyingi za ile miradi minane zilifungwa. Nchi zetu zilichelewa kutoa michango ziliyoiahidi kwa mikono yao wenyewe, na hilo ni aibu yetu wala si ya mtu mwingine.

Hata hivyo nendeni Rusumo. Mto Kagera hapo hupita katika mwanya mwembamba wa mwamba, daraja juu yake, Rwanda upande mmoja na Tanzania upande wa pili, na ngurumo yake huisikia mtu kabla hajaona povu. Ni pale pale walipoketi marais mwaka 1977. Ofisi ya Kigali ya Ushirikiano iliuokota mpango uliokuwa umeachwa, ikaupima upya, na katika kuupima ikaukubali ushauri wa kupunguza bwawa: badala ya kuyazuia maji mengi nyuma ya ukuta na kuwahamisha wakulima wa mabondeni, mto ungeachwa upite na mitambo iuchukue mwendo wake jinsi ulivyo. Umeme ungepungua kidogo, na mashamba yangebaki. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 340 mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2017, na mwaka 2023 mitambo ilianza kuzunguka. Megawati 80 zagawanywa sawa kwa sawa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Nyumba ya mitambo iko upande wa Ngara, na nyaya zimetoka hapo kwa njia tatu, kwenda Gitega, kwenda viungani mwa Kigali, na kwenda Nyakanazi. Megawati 80 si nyingi, lakini fundi akizima mtambo mmoja kuusafisha, giza lake hugawanywa kwa thuluthi tatu sawa, na sijui mkataba wa kirafiki uliowahi kuandikwa kwa lugha ya wazi kuliko hiyo.

Kisha mvua ikarudi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 Ziwa Viktoria lilipanda tena, na mwezi wa Mei 2020 maji yaligonga kwenye ubao wa Jinja alama ya mita 13.41, ile ile ya Mei 1964, yakaipita kwa upana wa ukucha. Nyumba zilizama ufukweni, gati zikafunikwa, na vijiji vya wavuvi katika Kenya, Uganda na Tanzania vilihamia vilimani. Mwaka huo huo Khartoum na jimbo la Jonglei la Sudan Kusini zilipata gharika, na ofisi ya Addis Ababa ikawa inatoa utabiri wa mafuriko kwa nchi za mashariki. Tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili ni kwamba mwaka 1964 hakuna aliyejua maji yalitoka wapi, na mwaka 2020 hakuna serikali iliyoituhumu nyingine kwa siri, kwa kuwa mvua ilikuwa imekwisha kupimwa na pande zote. Atlasi ya rasilimali za maji ya bonde, iliyotolewa na Ushirikiano mwaka 2016, ilikuwa juu ya meza za wizara. Nilimkumbuka mzee aliyeisubiri tarakimu itulie kabla ya kuitamka.

Mkataba uliotiwa saini Entebbe ulihitaji kuridhiwa na nchi sita, nao uliridhiwa kwa mwendo wa kinyonga: Ethiopia na Rwanda mwaka 2013, Tanzania mwaka 2015, Uganda mwaka 2019, Burundi mwaka 2023. Ya sita ilikuwa Sudan Kusini, nchi changa kuliko zote na iliyokaa katikati ya kinamasi cha Sudd, ambayo haikuwako hata siku ya saini ya kwanza. Hati yake ilipofika mwaka 2024 hesabu ikatimia, na baada ya siku 60 zilizowekwa, tarehe 13 Oktoba 2024, Mkataba ukawa sharia baina ya nchi hizo.  Misri na Sudan zilikwisha kutoa tamko la kuukataa. Kenya ilikuwa imetia saini bila ya kuridhia, na Kongo haikuwa imetia saini.

Kwa hiyo chombo cha mpito sasa chaelekea kule kilikoundiwa kwenda, yaani kuipisha Kamisheni ya Bonde la Mto Nile. Katika mirathi atakayokabidhiwa mrithi huyu mna majengo, magari na makabati, na hivyo havinishughulishi. Mna mfululizo wa vipimo vya mvua na mito ambao ulianza na daftari za Haidrometi na ambao hakuna nchi moja ingeweza kuukusanya peke yake. Mna desturi ya kupokezana uongozi kwa alfabeti. Na mna nyongeza ya ukurasa mmoja yenye kijifungu kile cha herufi (b), pamoja na agizo lake la miezi sita, kikisubiri watu watakaoketi kukijadili. Mlango wa kuingia katika Mkataba haukuwekewa kufuli wala tarehe ya mwisho: dola yoyote ya bonde isiyotia saini inaweza kuipeleka hati yake kwenye Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, kwa njia ile ile iliyopitiwa na Sudan Kusini, na kuikuta zamu yake imekwisha kuandikwa katika mfuatano wa herufi.